Mshahara wa dada wa kazi na imani tunayoikiri

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie Wakristo wenzangu, hasa sisi tunaosali katika parokia na sharika za mijini, kuhusu jambo ambalo ni nadra kulisikia likihubiriwa, nalo ni jinsi tunavyoishi na wasichana na wanawake wanaotufanyia kazi za nyumbani. Kila mwaka, Ijumaa inayofuata Jumatano ya Majivu, Kanisa Katoliki husoma sura ya 58 ya kitabu cha nabii Isaya, ambamo watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga naye hakuona, na Mungu anawajibu kwamba siku ile ile ya kufunga wanajitafutia mambo yao wenyewe na kuwaonea wale wanaowafanyia kazi. Tunalisikiliza somo hilo, tunaitikia "Tumshukuru Mungu", kisha tunarudi nyumbani kula chakula kilichopikwa na mtu aliyeamka saa kumi alfajiri, ambaye katika nyumba nyingi mshahara wake wa mwezi uliopita bado hajaupata.

Nasema wazi tangu mwanzo kwamba sizungumzii visa vya kikatili vya watoto kuchomwa pasi au kufungiwa ndani, ambavyo magazeti huviandika na kila mtu huvilaani. Nazungumzia nyumba za kawaida za waumini wema, watu wa zaka na jumuiya, ambamo hakuna anayepigwa wala kutukanwa, lakini mshahara unacheleweshwa, siku ya mapumziko haipo, na hakuna anayeona kwamba hapo pana dhambi. Mimi naamini pana dhambi, na tena si ndogo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba ya 1867, inaitaja dhuluma kwa mfanyakazi wa ujira pamoja na damu ya Abeli na kilio cha watu walioonewa Misri, miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni. Mtume Yakobo, ambaye waraka wake unasomwa na Wakristo wa madhehebu yote, anasema katika sura ya tano kwamba ujira uliozuiwa kwa hila "unapiga kelele", na kwamba vilio vya waliovuna vimekwisha kufika masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Torati ilikuwa imelisema jambo hilo zamani. Walawi 19 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri mpaka asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza alipwe kabla ya jua kuchwa, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Lakini maneno yanayonigusa kuliko yote ni ya Yeremia 22. Mfalme Yehoyakimu alijijengea nyumba kubwa yenye madirisha mengi na kuta za mwerezi, akawatumikisha watu bila kuwalipa. Nabii akamkumbusha baba yake, Yosia, ambaye naye alikula na kunywa kama wafalme wengine, ila aliwatendea haki maskini na wahitaji. Kisha Mungu akauliza kama huko siko kumjua yeye. Tuyatafakari maneno hayo, kwa kuwa sisi huwa tunasema kwamba fulani anamjua Mungu tunapoona anasali vizuri, anaimba kwa machozi au ana karama ya kufundisha, ilhali nabii alitazama kwanza kama waliomjengea mfalme nyumba walilipwa.

Katika miji yetu dhuluma hii mara nyingi huvaa sura ya wema. Binti huletwa kutoka Iringa, Singida, Dodoma au kwingineko, nauli hulipwa na mwajiri, na huambiwa kwamba mshahara wake atawekewa mpaka atakaporudi nyumbani, asije akaupoteza ovyo. Miezi inapita. Akiomba fedha kidogo amtumie mama yake anayeumwa, huulizwa ana shida gani na ilhali anakula na kulala bure. Siku ya kuondoka ikifika ndipo hesabu hufanywa, na katika hesabu hiyo huingizwa nauli ya kuja, kitenge alichonunuliwa Krismasi, bilauri zilizovunjika na dawa za malaria, mpaka kinachobaki hakifanani hata kidogo na kile walichokubaliana. Nimewahi kusuluhisha mgogoro wa namna hiyo katika jumuiya yetu, kati ya binti na familia ninayoiheshimu, na kilichonihuzunisha zaidi ni kwamba familia hiyo haikuwa imekusudia kumdhulumu. Walikuwa wamezizoea fedha zake mikononi mwao hata wakaziona kuwa zao.

Sheria ya nchi haikukaa kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtambua mfanyakazi wa nyumbani kama mfanyakazi mwingine yeyote, ikimpa haki ya saa 24 za mapumziko mfululizo kila wiki na siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida shilingi 60,000 kwa mwezi, na asiyelala hapo shilingi 120,000. Ninavitaja viwango hivyo vya mwaka ule ili msomaji avilinganishe na anachotoa kwa mwezi kwa ajili ya michango ya harusi peke yake. Wala mtu asidhani kwamba aliyefikia kima cha chini cha serikali ameyamaliza ya Injili, maana sheria huweka sakafu ambayo hairuhusiwi kushuka chini yake, na Paulo katika waraka kwa Wakolosai anawataka wenye watumishi wawape yaliyo haki na ya adili, wakijua kwamba wao nao wana Bwana mbinguni.

Jibu ninalolisikia mara nyingi ninapoligusa jambo hili ni kwamba yule binti ni kama mwanangu, na kati ya mzazi na mwana hakuna kuhesabiana. Ningelikubali jibu hilo kwa moyo wote kama lingefuatwa mpaka mwisho. Mtoto wa nyumba hula mezani pamoja na wengine, hupelekwa hospitali akiugua kabla homa haijapanda, husomeshwa, na hulala kitandani. Huyu anayeitwa mwana hula jikoni baada ya wote kwisha kula, na akishika mimba hufukuzwa siku hiyo hiyo. Kama kweli ni mwana, basi apate vya mwana. Na kama ni mfanyakazi, basi apate mshahara wa mfanyakazi. Filemoni alipotumiwa mtumwa wake Onesimo, Paulo alimwandikia ampokee kama ndugu mpendwa, tena akaongeza kwamba kama kuna deni lolote, liandikwe juu yake yeye Paulo naye atalilipa. Udugu na hesabu za fedha vilikaa pamoja katika barua moja, na hakuna kilichokitangua kingine.

Kuna jambo la michango ya kanisa ambalo nalitaja kwa uangalifu, kwa sababu nayaheshimu sana matoleo ya waumini na najua makanisa yetu hayajengwi na wafadhili wa mbali. Mtu anaweza kusimama siku ya harambee akaahidi mifuko hamsini ya saruji, akapigiwa vigelegele, huku nyumbani kwake kuna mtu anamdai mshahara wa miezi mitatu. Bwana wetu alikutana na jambo kama hilo. Katika Marko 7 anawakemea watu waliotangaza kuwa mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwajibike kwa wazazi wao, akawaambia kwamba kwa desturi hiyo wamelitangua neno la Mungu. Fedha ya mshahara wa mtu ikishafika mwisho wa mwezi ni yake, nasi hatuna mamlaka ya kumtolea Mungu mali ya mwingine. Nawasihi mapadre, wachungaji na wazee wa kanisa wawe na ujasiri wa kusema madhabahuni, kabla ya kukusanya ahadi, kwamba anayedaiwa mshahara na mtumishi wake akamlipe kwanza, hata kama ujenzi utachelewa.

Najua pia kwamba waajiri wengi wa mijini si matajiri. Muuguzi wa zamu za usiku, mwalimu wa shule ya msingi, mama anayeuza vitumbua asubuhi, wote hao wanahitaji mtu wa kubaki na watoto, na mishahara yao wenyewe haitoshi. Siwahukumu. Nimeona hata hivyo familia mbili za jirani zikishirikiana kumlipa mwanamke mmoja wa kutwa aliyekuwa akiwalea watoto wao pamoja, naye akirudi kwake jioni, na kila mmoja akabeba mzigo anaouweza. Nimeona pia mama mmoja akikaa na dada wa kazi siku ya kwanza, wakaandika katika daftari kiasi cha mshahara na tarehe ya kulipwa, wakatia sahihi wote wawili, na kila mwezi fedha ikatumwa kwenye simu ya binti mwenyewe bila kungojea aombe. Haya hayakuhitaji utajiri. Heshima nayo hainunuliwi: kumwita mtu kwa jina lake, kumwambia pole na kazi, kuwakanya watoto wanaomtuma kwa ukali hali amewazidi umri, ni mambo ambayo nyumba maskini kabisa inayamudu. Watoto wetu wanaofundishwa katekisimu kwa ajili ya Komunyo ya Kwanza hujifunza upendo wa jirani hapo kwanza, katika namna mama na baba wanavyosema na dada, na fundisho hilo katekista hawezi kulifuta kwa urahisi.

Upo pia udhaifu wa baadhi ya wafanyakazi wenyewe, wanaoiba, wanaodanganya, wanaowatesa watoto, na anayetendewa hayo ana haki ya kumsimamisha mtu kazi na kumripoti panapostahili. Siku alizokwisha kuzifanyia kazi hata hivyo hazifutwi na kosa la siku ya mwisho.

Suala la siku ya Bwana linanisumbua zaidi. Amri ya Sabato katika Kutoka 20 haikuishia kwa mwenye nyumba, bali ilimtaja mtumwa, mjakazi, mgeni na hata mnyama, wote wapumzike. Sisi tumeifanya Jumapili kuwa siku nzito kuliko zote kwa dada wa kazi, kwa kuwa tukienda Misa ya kwanza yeye hubaki akipika pilau, na tukirudi na wageni yeye huosha vyombo hadi jioni. Wengine hawajatia mguu kanisani tangu walipofika mjini, nao walitoka kwa wazazi waliowabatiza na kuwalea katika imani. Na ikiwa binti ni Mwislamu, kama walivyo wengi katika nyumba zetu, wajibu wetu haupungui hata chembe: apewe muda na mahali pa kuswali, asilazimishwe kusali rozari yetu, apunguziwe kazi za mchana wakati wa Ramadhani, na Idi awe huru kwenda kwa ndugu zake. Nawafahamu waumini wanaofanya hivyo, na heshima waliyoipata kwa wazazi wa mabinti hao huko vijijini haikuletwa na mahubiri yoyote.

Sisi Wakristo wa pwani na bara hatupaswi kulichukulia jambo hili kuwa geni. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanza misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, watu wa kwanza wa kanisa hilo walikuwa wengi wao watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Waliotutangulia katika imani katika nchi hii walikuwa watu waliotumikishwa bila ujira, na mwanamke anayefanya kazi mwaka mzima katika nyumba ya Mkristo bila kuona fedha yake mkononi ana haki ya kutuuliza tumejifunza nini kwao.

Ombi langu kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo ni la kiutendaji. Tunaposali nyumba kwa nyumba Jumamosi asubuhi, dada wa kazi aitwe aketi nasi, na chai iandaliwe na wenyeji kwa zamu. Jina lake liandikwe katika daftari la jumuiya pamoja na majina ya wanafamilia ikiwa ni muumini mwenzetu, ili akiugua tumtembelee na akifiwa tumchangie kama tunavyowachangia wengine. Jumuiya ichague mama mmoja mwenye busara na msiri, ambaye mfanyakazi yeyote wa nyumbani katika eneo letu, wa dini yoyote, anaweza kumwendea na kumwambia kwamba hajalipwa, na mama huyo apewe na jumuiya kibali cha kwenda kuzungumza na mwenye nyumba, awe mwenyekiti wetu au awe nani. Katika jumuiya yetu tumekubaliana kuanza mwezi huu, na ningefurahi kusoma katika safu hii ya barua jinsi wenzetu wa parokia na sharika nyingine wanavyolishughulikia.

Mwanajumuiya,
Morogoro