Kimya cha ofisi kinapohesabiwa kuwa idhini

Mhariri,

Kwetu Pwani, mwari akiulizwa kama ameridhika kuolewa naye akanyamaza, wazee husema keshajibu. Kimya chake ndiyo idhini yake. Uzeeni nimegundua kuwa sheria ya ujenzi ya nchi yetu ya Kenya nayo ina mwari wake. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 kinasema mtu aliyeomba kibali cha kuendeleza ploti, asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ahesabu kuwa amekubaliwa. Ofisi ya kaunti ikinyamaza, ghorofa limeposwa na limeozwa.

Niliyajua haya kwa sababu ya viazi karai. Asubuhi moja mwezi uliopita mjukuu wangu alileta viazi vimefungwa kwa kipande cha gazeti. Nilikuwa karani bandarini kwa miaka 31, na makarani tuna ugonjwa wa kusoma kila karatasi inayopita mbele yetu, hata iliyolowa mafuta. Ndani ya yale mafuta mlikuwa na tangazo dogo la Kiingereza: mwenye ploti fulani anaomba kubadilisha matumizi yake, kutoka nyumba ya familia moja hadi nyumba nyingi za kupangisha. Mwenye pingamizi aliwasilishe kwa kaunti ndani ya siku 14. Ploti yenyewe ilitajwa kwa namba ndefu ya usajili ambayo hata mwenyewe hawezi kuisema bila hati mkononi. Kilichonishtua ni jina la barabara. Ilikuwa barabara yetu.

Nikahesabu. Gazeti lilikuwa la siku 11 nyuma.

Nilivaa makubadhi nikaenda kutazama, maana nilisikia kuwa tangazo hutakiwa pia kuonekana mahali penyewe. Kibao kilikuwapo, sitamsingizia mtu. Kilikuwa kimefungwa kwa waya ukutani, nyuma ya boganvilia lililokomaa. Mbuzi angekiona kabla ya binadamu.

Kwa wasiojua, ombi hutembea hivi. Anayetaka kujenga, kugawa ploti au kubadilisha matumizi yake hupeleka michoro na fomu kwa kaunti, kwa kawaida kupitia mpangaji miji au msanifu aliyesajiliwa. Kaunti huzungusha nakala kwa wanaohusika: wapimaji, watu wa barabara, wa maji, wa afya, wa mazingira. Umma nao huarifiwa na kualikwa kupinga. Kisha waziri wa kaunti anayesimamia ardhi huamua: anakubali, anakubali kwa masharti, au anakataa na kutoa sababu. Anayeanza kujenga bila kibali anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000 au kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili. Mradi ukiwa wa kuhitaji ripoti ya athari kwa mazingira, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nayo hutangaza kivyake na kuomba maoni kivyake. Hayo ni mambo mawili, na barua uliyoipeleka huku haihesabiki kule.

Basi tulikuwa na siku tatu. Jioni ile tulikaa kwenye baraza ya jirani yangu, watu kama ishirini, kahawa ikazunguka, na barua ya kwanza ikaandikwa kwa hasira. Ilisema hatutaki ghorofa, wataletwa watu tusiowajua, watoto wetu wataharibika, na tajiri ana kiburi. Wote wakaipenda. Mimi nikaomba ruhusa niichane.

Hapa ndipo ningependa wasomaji wako watulie kidogo, kwa maana naona mitaa mingi hushindwa kwa kuandika barua ile ile. Kifungu cha 61 kinamtaka mwenye kuamua atazame kama ombi linapatana na mpango wa eneo uliopitishwa, na kama linajali afya na maslahi ya jamii ya pale. Kiburi cha tajiri hakimo. Wapangaji wageni hawamo, na kusema kweli hawastahili kuwemo: kijana wangu mwenyewe amepanga chumba katika mtaa wa watu ugenini. Ukiandika chuki, afisa anayo haki ya kuiweka barua yako chini ya kikombe cha chai.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni, nje ya mazungumzo ya wanaume. Akauliza, “Na choo chao kitakwenda wapi?” Baraza zima likanyamaza. Mtaa wetu hauna bomba la majitaka. Kila nyumba ina shimo lake, na kila nyumba ya pili ina kisima, kwa kuwa maji ya mfereji huja yanapopenda. Na Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, yenye vitundu kama sifongo. Kinachomwagwa huku huchuja na kutokea kule. Mashimo ya familia moja moja ardhi imeyavumilia. Shimo la familia thelathini ni jambo jingine.

Basi tukaandika choo. Tukahesabu visima vilivyo karibu na ploti na kupima kwa hatua umbali wa kila kimoja. Kijana mmoja akaleta futi ya fundi tukapima upana wa barabara, tukaonyesha kuwa lori la kunyonya majitaka likisimama langoni, gari la wagonjwa halipiti. Mwingine akapiga picha za mvua za masika, maji yakiwa magotini pale pale wanapotaka kuchimba msingi. Mwisho tukasema tunachokubali: ghorofa zipunguzwe, na mtambo wa kusafisha majitaka ndani ya ploti kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia. Ombi la masharti humpa afisa kitu cha kushika. Kusema “hapana” peke yake kunamwachia njia mbili tu, na moja ni rahisi kwake kuliko nyingine. Barua ikawa kurasa mbili, kila mtu akaweka sahihi na namba ya kitambulisho.

Kuiona michoro ndiko kulikonitoa jasho. Kijana wa kaunta aliniambia, “Mzee, faili ni siri ya mwenye ploti.” Nikamwambia kwa upole, mwanangu, Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Akajibu kuwa basi niandike barua ya kuomba. Ni kweli, ndivyo sheria inavyosema, na sheria hiyo hiyo yaipa ofisi siku 21 kunijibu. Mhariri, pigeni hesabu hiyo pamoja nami: siku 21 za kunionyesha ninachotakiwa kukipinga, na siku 14 za kukipinga. Hata bandarini, ambako mzigo uliweza kukaa mpaka ukaota, hatukuwahi kutunga utaratibu kama huo. Niliruhusiwa kuitazama michoro kwa dakika kumi, nimesimama, baada ya kijana kugundua kuwa nilisoma darasa moja na babu yake. Mtu asiye na babu wa kumtaja anaona nini?

Barua tuliipeleka nakala mbili. Moja tuliwaachia, nyingine tulidai ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani hakutaka, nikakaa kwenye benchi mpaka akataka. Barua isiyo na muhuri haijawahi kuandikwa.

Wapo watakaosema yote haya ni kujichosha, kwamba wenye pesa wameshamaliza mambo yao juu. Nawakumbusha Lamu. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ambayo NEMA iliupa mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ya awali ilifanywa, lakini utafiti ulipokamilika haukurudishwa kwao wausome na kuujibu. Mradi wenye uzito wa namna ile ulikwama kwenye swali la nani aliambiwa nini, na lini.

Ila wenzetu wa Lamu walijua mlango wa kubisha. Katika mambo ya vibali vya ploti, watu wengi wakishindwa kwa kaunti hukimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi, wakarudishwa. Sheria inataka kwanza wapeleke rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango ya ardhi, ndani ya siku 14 tangu uamuzi utolewe. Si mwombaji tu anayeruhusiwa; hata jirani aliyeguswa na uamuzi anaweza. Lakini jirani huyo ataujuaje uamuzi, na nani humwandikia? Sisi hatujaandikiwa. Kila Jumatatu naenda mwenyewe kuuliza, nao wamekwisha kunizoea hata wananiwekea kiti.

Sipingi ile kanuni ya siku 60, na hapa najua baadhi ya majirani zangu hawatanipenda. Iliwekwa kumlinda mwananchi anayeomba, ili afisa asilikalie faili akingoja kitu kidogo. Nimeona mafaili yakikaliwa; naijua harufu yake. Ninachosema ni kwamba pale penye pingamizi la maandishi, lenye muhuri, kimya kisihesabiwe idhini. Mwari aliyekwisha kusema hapana hawezi tena kuozwa kwa kunyamaza kwa mjomba wake. Mabunge yetu ya kaunti na lile la taifa yaitazame sentensi hiyo moja.

Mengine hayahitaji bunge. Katiba, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Basi tangazo la kujengwa jirani na kisima changu liandikwe Kiswahili. Litaje mahali kwa jina tunalolijua, “nyuma ya duka la unga, mkabala na msikiti”, namba ya usajili ifuate. Kibao kiwe langoni, si nyuma ya maua. Nakala ibandikwe kwa chifu, kwenye ofisi ya wadi, msikitini na kanisani, pamoja na tarehe ya mwisho kwa maandishi makubwa. Na michoro iwekwe mezani siku hiyo hiyo, mtu aitazame akiwa amekaa, awe na babu asiwe na babu.

Leo ninapoandika, kwa tarehe niliyoiona juu ya jalada la faili, ni siku ya 48. Hatujajibiwa, wala mwenye ploti, nijuavyo, hajajibiwa. Jana lori limeshusha kokoto upande wa pili wa ukuta. Huenda ni za jirani mwingine. Jumatatu nitakuwa kwenye kiti changu kile kile, na nakala yenye muhuri iko mfukoni.

Karani mstaafu,
Pwani.
(Jina langu na anwani unavyo, mhariri.)