Mjomba, usilikate gari kwa sababu ya vipuri vinavyoenea kiganjani

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Moshi pamoja na wote wa nyumbani. Uliniruhusu nikujibu hadharani, nami nimeipokea ruhusa hiyo kwa furaha, kwa kuwa swali lako nimekwisha kuulizwa na wengine wenye magari ya zamani hapa Arusha, na ni afadhali jibu likae mahali ambapo kila mwenye shida hiyo anaweza kulisoma.

Umeniambia kwamba fundi wako ameshauri injini ya gari lako la michezo, Datsun 240Z, itolewe, sehemu ya mbele ikatwe kidogo, na iwekwe injini ya Toyota Mark II, kwa maelezo kwamba spea za gari hilo hazitengenezwi tena na hazipatikani popote. Kwa heshima zote, Mjomba, ninaomba usikubali. Ni kweli kwamba nyingi hazitengenezwi tena. Kwamba hazipatikani ni jambo jingine, na mara nyingi maana yake ni kwamba fundi aliingia katika maduka mawili ya karibu na gereji, akataja jina la gari, akajibiwa kwa kutikiswa kichwa.

Hebu tutazame ni nini hasa kinachokosekana. Injini yenyewe inazunguka bila kukwama na giaboksi haina kasoro. Orodha uliyonisomea kwa simu ina sindano na vikalio vyake vya kabureta, mpira wa pampu ya petroli, raba za kuzuia maji kwenye mlango wa nyuma, bushi za reki ya usukani, klipu za kushikia paneli za milango, kitasa cha choki kilichovunjika, na sili za masta silinda ya breki. Ukiondoa zile raba ndefu, vitu vyote hivyo vinaenea katika viganja viwili. Kung'oa injini ya silinda sita ya mwaka 1972 kwa sababu ya vitu hivyo ni kuilipia tiba bei kubwa kuliko ya ugonjwa, na gari likishakatwa, hata atakayekuja kulinunua baadaye hatalipa thamani ya 240Z.

Neno langu kuu ni hili: usitafute kipuri kwa jina la gari. Vipuri vidogo havikuwa mali ya gari moja. Nissan, kampuni iliyotengeneza magari ya Datsun, haikutengeneza sindano ya kabureta, wala swichi ya taa, wala sili ya breki kwa ajili ya gari la michezo peke yake. Ilichukua kilichokuwa rafuni, au ilikinunua kwa viwanda vilivyokuwa vikiuza kitu hicho hicho kwa watengenezaji wengine. Gari lako ni adimu, lakini sehemu zake nyingi zilitembea katika magari ya kawaida kabisa, yakiwemo yaliyobeba walimu na mabwana shamba katika nchi yetu.

Wewe uliyeyaona mashindano ya magari ya East African Safari enzi zile utakumbuka ushahidi mzuri kuliko wowote ninaoweza kuutoa. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mwaka 1970 kwa Datsun 1600 SSS, na mwaka uliofuata wakashinda tena kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, akiwa na 240Z, alimaliza akiwa sawa kwa alama na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS, naye Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda umbali mrefu zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Watu hukumbuka madereva. Mimi nakuomba ukumbuke injini. Magari hayo yote yalikuwa na injini za ukoo mmoja, ukoo wa L. Injini ya L16 ya silinda nne na L24 yako ya silinda sita zina kipenyo kilekile cha silinda, milimita 83, na mwendo uleule wa pistoni, milimita 73.7, ndiyo maana moja ina ujazo wa sentimita za ujazo 1595 na nyingine 2393. Roka za valvu ni zilezile. Pampu ya oili ya moja huingia kwenye nyingine. Kwa hiyo muuza duka anayekwambia hajapata kuona spea ya 240Z huenda ana kasha la sili za valvu za Datsun Bluebird ya zamani nyuma ya kiti chake, na hatalifungua mpaka umtajie L16 au L18, injini ya ile 1800 SSS.

Hatua ya kwanza, basi, ni kupata namba. Namba za vipuri vya Nissan zina sehemu mbili zenye herufi au tarakimu tano kila moja. Sehemu ya kwanza hueleza kitu chenyewe: 15208 ni chujio la oili, 11044 ni gasketi ya silinda hedi, 21010 ni pampu ya maji, na mpangilio huo haujabadilika mpaka kwenye magari ya leo. Sehemu ya pili ndiyo inayoeleza kipuri kilitengenezwa kwa gari gani au toleo gani, na vipuri vingi vilivyobuniwa mahsusi kwa 240Z huanza hapo na E41. Ukiona namba ya klipu yako ina sehemu ya pili isiyoanza hivyo, furahi, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba klipu hiyo iliazimwa kutoka gari jingine, na gari hilo jingine huenda lilitengenezwa kwa wingi na kwa miaka mingi zaidi. Vitabu vya vipuri vya S30, ambalo ndilo jina la kiwandani la umbo la gari lako, vimewekwa kwenye intaneti pamoja na michoro yake. Mwombe kijana yeyote wa nyumbani akufungulie kwenye simu. Namba moja pia huweza kuwa imebadilishwa na nyingine mpya, hivyo muuzaji akikwambia namba imefutwa, muulize ilirithiwa na ipi.

Pale ambapo namba haikusaidii, tafuta jina la kiwanda kilichotengeneza kitu chenyewe. Safisha kipuri kwa petroli na brashi, kisha usome maandishi yaliyochorwa kwenye chuma au plastiki. Kabureta, alteneta na stata utakuta Hitachi, taa utakuta Koito, swichi Niles, breki Nabco, Tokico au Sumitomo. Viwanda hivyo viliuza pia kwa watengenezaji wengine wa Japani, na duka la spea la Kariakoo ambalo halina haja na Datsun linaweza kuwa na haja kubwa na jina la Nabco.

Kuna tahadhari ambayo wenzetu wengi hawaioni mpaka fedha zimekwisha kwenda. Sehemu kubwa ya 240Z iliuzwa Marekani, na wauzaji wengi wa vipuri vyake vipya vya kuigiza wako huko, ambako usukani uko kushoto. Kwa injini, breki na milango hilo halina shida. Kwa dashibodi, nyaya za choki, vidhibiti vya hita na baadhi ya sehemu za usukani, shida ipo. Vitu hivyo vitafutwe Japani, Uingereza au Australia, ambako wanaendesha upande wetu. Japani gari hili liliuzwa tangu mwishoni mwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, mengi yakiwa na injini ya lita mbili, lakini vitu vya ndani na vya bodi hulingana na vyako kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo wanaotafuta huko waandike Fairlady Z au S30, wasiandike 240Z peke yake.

Sasa nizungumzie raba, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Utaonyeshwa vipuri vilivyo ndani ya boksi lake la asili, havijaguswa tangu miaka ya sabini, na bei yake itakuwa ya kutisha kwa sababu ya boksi hilo. Kwa kitu cha chuma au kioo, lipa kama unaweza. Kwa kitu cha mpira, rudisha rafuni. Mpira huzeeka hata usipotumika, hukauka na kupasuka ndani ya boksi kama ambavyo ungezeeka garini, na sili ya kabureta iliyotengenezwa mwezi uliopita na kiwanda kisichojulikana, ikiwa ni ya mpira unaofaa, ni bora kuliko ya asili iliyolala rafuni miaka hamsini.

Nasema mpira unaofaa kwa sababu mpira hauko wa aina moja, na katika mji uliowahi kuwa na kiwanda cha matairi cha General Tyre inashangaza jinsi tunavyolisahau jambo hilo. Fundi anayekata washa ya pampu ya petroli kutoka kwenye tyubu ya baiskeli anakupa kitu kitakachovimba na kulegea kikikutana na petroli, kisha kitume vipande vyake kwenye kabureta. Kila kinachogusa petroli kiwe cha mpira wa naitraili, unaouzwa kwa shiti na kama o-ringi, yaani pete za mpira, katika maduka ya vifaa vya haidroliki. Raba za mlango wa nyuma hazihitaji ubora huo. Peleka kipande cha ile ya zamani kwa wanaouza vifaa vya bodi, ulinganishe umbo lake likiwa limekatwa, ununue kwa mita. Haitafanana kabisa na ya kiwandani, lakini maji yatabaki nje.

Bushi za usukani zinaweza kukerezwa. Nailoni ngumu inauzwa ikiwa fimbo, na hapa Arusha, upande wa Unga Limited, wapo wakereza ambao watakutolea bushi nzuri ukiwapa vipimo vilivyochukuliwa kwa vernia, kifaa cha kupimia sehemu ndogo za milimita, badala ya rula ya shuleni. Wapelekee na chuma ambamo bushi itaingia, maana bushi ya zamani imekwisha kulika na vipimo vyake vinadanganya. Kitasa cha choki na klipu za paneli zinaweza kuchapwa kwa mashine za kuchapa vitu vya pande tatu (3D), jambo ambalo vijana wa vyuo vya ufundi wanalipenda, ila wakatazwe kutumia plastiki ya PLA, ambayo huanza kulainika karibu na nyuzi 60 za Selsiasi. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Moshi mwezi wa pili huweza kufika huko. Watumie ABS au nailoni.

Jambo dogo kuhusu skrubu. Zile za kichwa cha msalaba kwenye kabureta zimetengenezwa kwa kipimo cha Kijapani, ambacho kina tofauti na bisibisi ya kawaida; bisibisi ya kawaida huchomoka na kukiharibu kichwa, kisha fundi huleta patasi. Nunua bisibisi moja ya Kijapani uikalie wewe mwenyewe. Vilevile bolti nyingi za milimita 10 za gari lako zina meno yaliyoachana kwa milimita 1.25, ilhali za duka la vifaa vya ujenzi mara nyingi ni za 1.5, na anayezilazimisha kuingia huyaua meno.

Breki sizihesabu pamoja na hayo. Sili za masta silinda zisikatwe, zisichongwe, wala zisiazimwe kwa makadirio. Bahati nzuri ni rahisi kuliko unavyodhani: masta silinda ya 240Z ina kipenyo cha inchi 7/8, kipimo kilichotumika katika magari mengi ya Kijapani, na sili zake huuzwa kwa kipimo hicho. Ikiwa ukuta wa ndani wa silinda umeliwa na kutu, sili mpya haitasaidia, na inunuliwe masta silinda nzima. Kuhusu kalipa za mbele, yaani vibanio vya diski za breki, ikiwa pistoni zake zimeoza, wenye magari haya duniani kote wamekuwa wakifunga kalipa za Toyota Hilux ya magurudumu manne ya miaka ya 1979 hadi 1985, zenye pistoni nne, ambazo hukaa kwenye bolti zilezile baada ya kukata kidogo bati la kukinga diski. Hilux hizo bado zinatembea kati ya Himo na Rombo zikiwa na ndizi mgongoni, na zilizokufa zipo kwenye yadi za chuma chakavu.

Kwa vitakavyobaki kuagizwa nje, usiagize kimoja kimoja. Forodha yetu hukokotoa kodi juu ya thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya asilimia 18 huja juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru, kwa hiyo klipu ya bei ndogo iliyosafiri peke yake kwa ndege hutozwa kodi ya safari yake pia. Kusanya orodha, tafuta wengine wawili watatu wenye haja ya Japani, mlete mzigo mmoja. Mtu mmoja wa Nairobi aliwahi kuniambia nimtumie fedha kwanza ndipo aanze kutafuta. Sikumtumia, nawe usimtumie yeyote kabla ya kuona picha ya kipuri kikiwa kando ya rula, na namba yake ikisomeka.

Naomba sasa umwambie fundi asitupe chochote alichokwisha kufungua, hata kile kilichovunjika, hasa kitasa cha choki, kwa sababu vipande vyake viwili vikiunganishwa vinatosha kupimwa. Kila kitu kiwekwe kwenye mfuko wake na kuandikwa kilikotoka. Nikija Moshi nitabeba vernia na bisibisi, tuanze na kabureta, kisha tuone kama hilo shauri la Mark II bado litakuwepo.

Mpwa wako,
Arusha