Barua kwa mwanangu: kabla hujauza mfarishi wa kwanza

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hapa Tanga hatujambo, bibi yako anakohoa kidogo lakini chakula anakula. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kila anayeingia chumbani kwako anataka umuuzie ule mfarishi wa viraka vya vitenge, na sasa unataka kuifanya kazi hiyo biashara. Sikukatazi. Ila katika barua nzima umetaja rangi, umetaja mitindo, mpaka jina la duka umelitaja. Saa hukutaja hata moja. Kwa hiyo tuanze na saa.

Chukua mfarishi wa kitanda cha 5 kwa 6. Kitanda chenyewe ni inchi 60 kwa 72. Ukitaka uning'inie ubavuni na miguuni, ushone wa inchi 78 kwa 84. Kwa viraka vinavyobaki inchi 6 baada ya kushonwa, hizo ni safu 14 za viraka 13, yaani viraka 182. Kila kimoja kipimwe, kikatwe, kiunganishwe, kipigwe pasi. Kisha uweke tabaka la kati na mgongo, upige bandi (mishono ya muda), ushindilie (ushone kupita tabaka zote), umalize na utepe pembezoni. Kwa cherehani ya kukanyaga usihesabu chini ya saa 40, na kufua vitambaa bado. Ukijilipa shilingi 2,000 tu kwa saa, jasho lako peke yake ni 80,000 kabla hujanunua hata kijiti cha uzi. Yule rafiki anayeusifu mfarishi wako, kichwani ana blanketi la Kariakoo la bei poa. Hakudanganyi, anaupenda kweli. Ila bei hajaiwaza.

Ndiyo maana nakushauri mfarishi wa kitanda uwe wa oda tu, kwa arbuni ya nusu, na arbuni hiyo itoshe kununua vitambaa vyote. Mteja akibadili nia, usibaki na mzigo wa rangi alizozichagua yeye. Biashara ya kila siku iweke kwenye foronya za mito ya makochi.

Foronya ya inchi 18 kwa 18 ni viraka 9 tu, vitatu kwa vitatu. Kila kiraka ukate inchi 6 na nusu, kwa sababu robo inchi inaliwa na mshono kila upande. Kitenge kina upana wa inchi 44 hivi, kwa hiyo yadi moja inakupa viraka 6 kwa upana na 5 kwa urefu, jumla 30. Hizo ni mbele za foronya tatu na viraka vitatu vya akiba. Kwa mgongo usiweke zipu. Zipu ni gharama, na ndiyo ya kwanza kuharibika. Kata vipande viwili vya inchi 18 na nusu kwa 12 na nusu, pinda ukingo mmoja wa kila kipande kwa inchi 1, kisha vipandane katikati. Vinapishana kama inchi 4 na nusu, mto hauchungulii.

Sasa vitambaa. Mafundi wengi hapo mjini wana magunia ya mabaki ya vitenge na hawajui pa kuyapeleka. Nunua, lakini usiamini jicho. Katika gunia moja utakuta pamba tupu, nailoni, na mchanganyiko. Chomoa nyuzi chache uziwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua ikinuka karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni na jamaa zake zinayeyuka, zinanuka plastiki, na zikipoa zinakuwa punje ngumu. Ukizichanganya kwenye foronya moja, pamba itarudi, yaani itapungua, ikifuliwa na nailoni itabaki vilevile, na foronya itajikunja kama uso wa mtu aliyekula ndimu. Tena pasi ya kunyoosha pamba inayeyusha nailoni. Ukiandika "pamba" kwenye lebo, uwe umechoma na kuona.

Fua kila kitu kabla ya kukata, hata kitenge kipya cha dukani. Ule ugumu wake ni dawa ya kiwandani inayotoka na maji, na ikitoka kitambaa hurudi. Kitambaa cha marekani, ile pamba isiyopaushwa, kinarudi zaidi, kwa hiyo mgongo wa marekani ufuliwe kwa maji ya moto. Nyekundu na nyeusi ziloweke kila moja beseni lake. Ukitaka uhakika, sugua kitambaa cheupe chenye maji juu yake. Kikishika rangi, fua tena. Watu watakwambia utie chumvi na siki. Chumvi haishikishi rangi ya kitenge kilichokwisha kupigwa chapa; dawa ni kufua mpaka maji yatoke meupe, na kitenge kinachokataa baada ya mara nne kifanye tambara la jikoni.

Na khanga? Ni nzuri mno kwa foronya, lakini isome kwanza. Usilikate jina (ule msemo wake) katikati likabaki neno moja lisilo kichwa wala miguu, na usimuuzie bibi harusi foronya yenye fumbo la kumsuta mke mwenza. (Usicheke, watu wananunua rangi bila kusoma.) Jina zuri liweke zima kama ukanda wa katikati, mji (mchoro wa kati wa khanga) na pindo vizunguke. Vitenge vyenye sura za viongozi, nembo za vyama au makanisa viache.

Kukata ndiko kunakoharibu kazi za wengi, nao husingizia cherehani. Kigezo cha kadibodi usitumie: kila ukipita na mkasi unakinyoa kidogo, na kiraka cha hamsini hakilingani na cha kwanza. Kata kigezo cha bati au plastiki ngumu. Chaki unaipitisha nje ya kigezo, kwa hiyo mkasi upite ndani ya mstari, la sivyo unene wa chaki unaingia kwenye kipimo. Usikate zaidi ya tabaka nne kwa mara moja, za chini zinateleza. Na fuata nyuzi: pande za kiraka zilale na mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana. Kiraka kilichokatwa kwa ulalo kinavutika, ukikishona leo ni mraba, ukikipiga pasi kesho ni jahazi.

Robo inchi ya mshono usiikadirie. Pima kutoka kwenye sindano kwenda kulia, bandika kipande cha utepe wa karatasi kwenye sahani ya cherehani, ukingo wa kitambaa upite hapo. Ukizidisha kwa nusu ya robo inchi tu, kila mshono unakula robo inchi zaidi, kwa sababu unakula pande zote mbili. Kwenye foronya mishono ni miwili, umepoteza nusu inchi, mto unabana. Kwenye mfarishi wa viraka 13 mishono ni 12: inchi 3 zimekwenda, na safu hazikutani.

Sindano namba 14 kwa kuunganisha viraka, namba 16 unapopita tabaka zote. Ibadilishe kila baada ya kama saa 8 za kushona. Sindano butu haikatiki, inaruka mishono na kuvuta nyuzi, na wewe utahangaika na mkazo wa uzi siku nzima. Mishono 10 hadi 12 kwa inchi inatosha; mikubwa zaidi inafumuka kingo, midogo zaidi ukikosea hufumui bila kutoboa kitambaa. Uzi uvute kwa mikono kabla ya kuununua, ule unaokatika kirahisi umeshazeeka dukani.

Pasi isukumwe chini, isiburuzwe. Mshono ulaze upande wa rangi nzito, usionekane kwa mbele kama kovu. Ila kwenye safu za kuunganishwa, mpangilio uje kwanza: safu ya kwanza laza mishono yote kushoto, ya pili yote kulia. Ukiziunganisha, mishono inaumana na pembe nne zinakutana pasipo kubahatisha.

Ukipata oda ya mfarishi, uliza kwanza utalala wapi. Wa Dar hahitaji pamba ndani. Flaneli nyembamba katikati inatosha, au mbele na mgongo tu. Wa Lushoto, Njombe au Mbeya weka pamba nyepesi ya viwandani inayouzwa kwa mita. Sufi usitie. Ni nzuri kwenye mto, lakini kwenye kitu kinachofuliwa inakusanyika mabonge. Mgongo uzidi mbele kwa inchi 4 kila upande, kwa sababu ukishona unasogea na kurudi. Tandika sakafuni mgongo ukiwa umevutwa sawa, piga bandi kila baada ya inchi 4, kuanzia katikati kwenda nje. Kushindilia nako kuanzie katikati. Anayeanzia pembeni anasukuma ulegevu wote kati, unakuwa mkunjo usiofutika. Na usijaribu kuupitisha mzima chini ya mkono wa cherehani, hauingii: shona vipande vitatu vya safu nne nne au tano tano, kila kimoja na pamba yake na mgongo wake, kisha uviunganishe. Utepe wa pembezoni ni inchi 324 za kuzunguka na 12 za akiba, yaani mikanda 8 ya inchi 2 na nusu kwa upana wa kitenge. Iunge kwa ulalo, usiiunge wima, maungio yasifanye nundu.

Bei. Nakuandikia mfano, wewe tia bei zako za leo. Tuseme foronya imekula kitambaa cha 4,000, uzi na sindano 500, pasi na mfuko 500. Hiyo ni 5,000. Saa 2 kwa 2,000, 4,000. Nauli, mafuta ya cherehani na viraka vilivyoharibika, 1,000. Umefika 10,000 na bado hujapata faida hata senti, umejirudishia tu. Ongeza 3,000, hiyo 13,000 ndiyo bei ya jumla. Rejareja iwe 20,000, na usimuuzie mteja wa mtaani kwa bei ya jumla kwa kuwa mnasalimiana. Mwenye duka akisikia unauza mlangoni kwa 13,000 hachukui tena, kwa sababu yeye ana pango la kulipa. Ukiona kwa bei hiyo hakuna anayenunua, usipunguze ujira wako. Punguza saa. Kata viraka vya foronya 10 kwa siku moja, unganisha siku nyingine, pasi siku nyingine. Kushona moja moja toka mwanzo mpaka mwisho kunapendeza, najua unakupenda, lakini kila ukinyanyuka kubadili uzi na kuwasha pasi unalipa wewe.

Maduka ya Mji Mkongwe na ya watalii huko Dar yatakutaka uwape mali kauli, wakulipe wakishauza. Wape foronya 6, siyo 30. Andika idadi, bei, na siku ya kuhesabu, wote mtie saini, kila mmoja abaki na nakala. Andika pia nani analipa kilichopauka dirishani kwa jua, maana hilo hutokea na hakuna anayekubali. Wageni ni wengi kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Desemba. Aprili na Mei wamepungua, huo ndio wakati wa kushona akiba. Lakini masika ina unyevu: foronya ikifungwa kwenye mfuko wa nailoni ikiwa na joto la pasi inaota madoa ya ukungu usiyoweza kuyatoa. Iache ipoe, ifunge kwa kitambaa au karatasi, na siku ya jua ifungue ipate hewa, kivulini.

Maonyesho ya biashara ya Sabasaba ni pazuri kujifunza watu wanashika nini na kurudisha nini, ila meza inalipiwa. Mwaka wa kwanza nenda kama mtazamaji, ukiwa na tepu mfukoni. TIN, namba ya mlipakodi, inatolewa bure na TRA, mamlaka ya mapato. Jina la biashara unalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao ukiwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Kabla hujachapisha lebo tafadhali, lisije likawa la mwingine. Leseni kaulize halmashauri yako. Mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri upo kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, lakini usiuombe kabla hujauza foronya 50 kwa pesa yako mwenyewe, maana hujajua bado zipi zinatoka.

Chukua laini tofauti yenye lipa namba (ya kupokelea malipo kwa simu), ya biashara tu. Picha piga asubuhi barazani, kivulini, bila tochi ya simu. Rangi ikionekana tofauti na ilivyo, foronya itarudi na nauli utalipa wewe.

Daftari nimelifunga pamoja na barua hii. Safu ya kwanza tarehe, ya pili saa ulizoanza na kumaliza, ya tatu kazi gani. Anza na foronya tatu za yadi moja, uniletee hesabu yake kabla ya kununua gunia la pili. Na lile cherehani litie mafuta, tone moja moja kwenye kila tundu, kisha shona kwenye tambara mpaka litoke kavu, lisije likadondoshea viraka vyako vyeupe.

Mama yako