Mkifunga bahasha vizuri, uongo uliomo unabaki uongo

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka kumi na kitu bila kuwaandikia hata mstari, na ningeendelea kunyamaza kama si ile ripoti yenu kwamba mitambo ya maji na umeme sasa iko salama kwa sababu mawasiliano yake yanasimbwa kwa siri mwanzo hadi mwisho, yaani yanageuzwa fumbo njiani asiyasome wala kuyabadili mtu. Jamani. Mlimhoji nani, muuza programu?

Mimi ni opereta wa kituo cha pampu, zamu za usiku. Kidhibiti, yaani kompyuta ndogo inayoendesha pampu, hakina macho, kinaambiwa na sensa (kifaa cha kupimia, siyo ile ya kuhesabu watu) maji yamefika wapi, basi kinawasha au kinazima pampu. Mtu akiikamata sensa yenyewe, au kile kiboksi kinachokusanya vipimo kabla havijasimbwa, uongo wake unafungwa vizuri, unasafiri salama na unafika bila mkwaruzo.

Usiku mmoja skrini inasema tangi liko asilimia 62.4. Saa saba 62.4, saa nane 62.4, saa tisa 62.4, grafu imenyooka kama uzi wa fundi mwashi, na mtu yeyote aliyekaa na tangi anajua maji hayatulii hivyo, pampu ikiwaka yanacheza, ile desimali haikai. Nikampigia bosi, akasema kama hakuna alamu hakuna tatizo, niache kumsumbua. Alamu zenyewe zimewekwa 90 juu na 20 chini, hakuna aliyewaza kuweka alamu ya namba isiyotikisika! Nikachukua tochi nikapanda ngazi, sijafika hata katikati nimeshalowa, maji yanashuka ukutani kama mvua na skrini kule ndani bado 62.4. Kumbe kuna mtu aliingia kupitia modemu iliyoachwa na paswedi ya kiwandani akawa anaandika namba ile ile juu ya kipimo halisi. Na aliyeandikishwa barua ya kujieleza ni mimi, eti kwa nini niliondoka kwenye skrini.

Wala si mchezo mpya. Stuxnet, kile kirusi cha kompyuta kilichoshambulia kiwanda cha nyuklia cha Natanz kule Iran na kugundulika 2010, kilirekodi sekunde 21 za vipimo vya kawaida kikawa kinawarudishia mafundi wakati mashinepewa, zile mashine zinazozunguka kwa kasi kurutubisha urani, zinaharibiwa. Dawa zipo na zinajulikana: maji yaliyoingia ukitoa yaliyotoka yalingane na maji yaliyoongezeka au kupungua tangini, na kidhibiti kiwe kinaisukuma pampu kidogo kidogo bila mpangilio kiangalie kama sensa nayo inatikisika, maana rekodi ya jana haiwezi kujua leo umesukuma saa ngapi. Ila sensa zikikamatwa nusu au zaidi hakuna hesabu ya kukuokoa, kwa hiyo zote kuzipitisha kwenye kiboksi kimoja ni kujitakia.

Halafu hao wakandarasi, nani aliwapa funguo za kudumu za kuingia kwenye mifumo yetu? "Tuwasaidie haraka," wanasema. Maroochy kule Australia, mwaka 2000, jamaa aliyewahi kufanya kazi kwa kampuni iliyofunga mfumo wa majitaka alitumia laptop na redio tu, lita kama 800,000 za uchafu zikaishia kwenye mito na bustani. Sisi hapa semina za usalama ni za kuonywa kuhusu barua pepe zenye viambatisho, wakati Modbus, ile lugha ambayo mitambo yetu inaongea, ni ya 1979 na haimuulizi mtu yeyote yeye ni nani.

Pendekezo langu: boya, kamba, na ubao wenye mistari ukutani mwa tangi, upande unaotazama dirisha la bosi, asome mwenyewe kila saa na asaini kwa kalamu. Rangi ninayo, nyekundu, nusu kopo.

Opereta wa zamu ya usiku