Daftari la mauzo linapunguza kodi, mbona watu hawaambiwi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee kodi ya sisi wafanyabiashara wadogo, maana huku soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, na kule Makoroboi watu wanalipa kitu wasichokielewa na kiukweli wale wasioelewa ndio wanaolipa kubwa.

Mi kazi yangu ni kuwaandikia hesabu akina mama wa dagaa na vijana wenye vibanda vya simu, sio mhasibu mwenye vyeti. Kila ikifika Januari mpaka Machi, msimu wa makadirio ya kodi, nawaona watu wanaenda mkono mtupu kabisa, mtu anaulizwa unauza shilingi ngapi kwa siku anajibu "inategemea", sasa hapo ofisa wa TRA, mamlaka ya mapato, afanyeje, anakadiria, afu mtu anarudi sokoni analia kaonewa. Wengine wameonewa kweli, sikatai. Ila wengi wangelipa nusu yake kama wangekuwa na daftari, na hilo ndo nataka gazeti lako lilipigie kelele.

Iko hivi. Sheria ya Fedha ya 2019 iliwapandisha wanaoruhusiwa kulipa kwa mfumo wa makadirio kutoka mauzo ya milioni 20 kwa mwaka mpaka milioni 100, na jedwali lenyewe la viwango lina sehemu mbili, asiye na kumbukumbu za mauzo na mwenye nazo. Ukiuza chini ya milioni 4 kwa mwaka kodi ya mapato hulipi. Kuanzia milioni 4 mpaka 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye nazo analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4 tu. Kwa hiyo mama aliyeuza milioni 5 akiwa na daftari ni 30,000, bila daftari ni laki nzima! Ukivuka 7 mpaka 11 pengo ndo linazidi, bila kumbukumbu 250,000, ukiwa nazo ni 90,000 ukijumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7, yaani aliyeuza milioni 8 analipa 120,000 badala ya 250,000. Hiyo tofauti ya 130,000 ni ada ya mtoto, ni mtaji wa dagaa, mtu anaiacha hivi hivi kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Na watu wanachanganya mauzo na faida, hapa panahitaji kueleweka vizuri. Jedwali linaangalia mauzo. Tuseme mama kanunua dagaa wa 90,000 kauza 100,000, yeye kichwani kaingiza elfu kumi, jedwali linaona laki. Anayeuza wastani wa elfu ishirini kwa siku, siku mia tatu kwa mwaka, tayari yuko milioni 6, na huyo huku Kirumba tunamuita mdogo kabisa. Wale wanaopakia magunia ya kwenda Kongo wanaweza kuipita milioni 100 bila kujua, na ukishaipita unatoka kwenye makadirio unaingia kwenye hesabu zilizokaguliwa, huko kodi inakatwa kwenye faida lakini ni lazima uonyeshe risiti za matumizi, za EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti, sio kikaratasi cha kuandikiwa kwa peni. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, nayo watu wanaiogopa bure, tangu Julai 2023 kiwango cha kulazimika kujisajili ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka.

Daftari lenyewe halina uchawi. Tarehe, umeuza nini, shilingi ngapi, kila siku ukifunga, pembeni tunza risiti za manunuzi, na utunze miaka mitano maana sheria ndo inavyotaka. Laini ya simu ya biashara iwe ya biashara, usiruhusu michango ya harusi na hela za vikoba zipitie humo humo maana baadae ukiambiwa utenganishe mauzo na michango utashindwa. Malipo yenyewe unaruhusiwa kugawa mara nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, wengi wanadhani ni lazima walipe kwa mkupuo.

Kingine kinachoumiza ni pango la fremu, yaani chumba cha duka. Mpangaji wa biashara anatakiwa akate asilimia 10 kwenye pango aipeleke TRA, mwenye nyumba apewe inayobaki. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Sasa nenda Mlango Mmoja au Igoma umwambie mwenye fremu nakukata kumi yangu ya serikali, anakwambia hama, wapo watatu wanaitaka. Mwisho wa siku kijana kalipa pango lote na ile kumi katoa mfukoni kwake. Hapa mi naona sheria imemtupia mzigo mtu asiye na nguvu ya kuubeba, mwenye nyumba afuatwe mwenyewe.

Za halmashauri sizigusi sana, leseni, ushuru wa huduma, ushuru wa soko, hizo zina mlango wake na risiti zake, zitunzwe kwenye bahasha yake tu.

Na ukikadiriwa usivyokubali unayo haki ya kupinga kwa maandishi ndani ya siku 30, ila utaambiwa ulipe kwanza theluthi moja au kile usichobishania, chochote kilicho kikubwa, ingawa unaweza kuomba usamehewe hilo sharti. Siku 30 zinaisha mtu bado anaulizana na majirani.

Juni 2024 mgomo wa wafanyabiashara ulianzia Kariakoo ukafika mpaka huku Mwanza maduka yakafungwa, baadae ikaundwa Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Sawa, viongozi walisikia. Lakini mama wa Kirumba hahitaji kusubiri maboresho ili apate ile nafuu ambayo tayari iko kwenye sheria.

Ndo maana nakuomba Mhariri, kila Januari chapisha jedwali hilo kwa herufi kubwa lenye mifano ya hela, na kila Julai tena kwa sababu sheria ya fedha inabadilika kila mwaka. TRA nao waje mwaloni jioni magari yakishapakia, asubuhi hakuna atakayewasikiliza, na wabandike jedwali kwenye ukuta wa choo cha kulipia maana pale kila mtu anapita.

Ni mimi msomaji wako,
Kirumba, Mwanza