Usiku Mtakatifu jamani tuuimbe taratibu, tuzime biti walau dakika tano

Mhariri, salamu nyingi. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, na nimeona niandike sa hivi kabla kwaya hazijamaliza mazoezi ya Krismasi maana nikisubiri mpaka tarehe 24 itakuwa nimeshachelewa. Ombi langu ni moja tu na nalielekeza kwa walimu wa kwaya, wapiga kinanda na mafundi mitambo wa makanisa yetu yote: kwenye ibada ya mkesha ule wimbo wa Usiku Mtakatifu msiuwekee biti. Uimbwe taratibu, kwa sauti za watu basi.

Niseme kilichonifikisha hapa. Mwaka jana mama yangu alishuka kutoka Marangu kuja Dar kutibiwa macho, sikukuu ikamkuta huku. Ana miaka 79, kaimba kwaya tangu usichana wake, sauti ya pili, na kitabu chake cha Mwimbieni Bwana kimeshonwa uzi mgongoni mara mbili. Nikampeleka mkesha kwenye usharika mmoja hapa mjini, sitautaja kwa sababu hili tatizo liko sehemu nyingi. Tukagawiwa mishumaa, taa zikazimwa, nikamwona mama kashika mshumaa mkono wa kushoto na kiganja cha kulia kakikunja kukinga moto usizimwe na feni, midomo yake tayari inachezacheza anatafuta sauti yake. Mara kinanda kikaanza, zile ngoma za ndani ya kinanda zikaingia, besi inapiga mpaka benchi unalisikia linatetemeka, vijana wa sifa mbele wanaruka na mtu wa maiki anasema mikono juu mikono juu. Mi nilijua ni wimbo gani kwa sababu maneno yalitokea kwenye skrini. Mama skrini hakuiona. Akakaa chini akapuliza mshumaa.

Tunarudi kwenye gari, tumefika kama Ubungo hivi, akaniuliza, "Mwanangu, siku hizi huku Dar Usiku Mtakatifu hamuimbi?"

Nilishindwa kumjibu Mhariri. Yaani wimbo ambao yeye ndo alinifundisha, jikoni, nikiwa sijaanza hata darasa la kwanza, umeimbwa mbele yake na hakuutambua.

Sasa wako watakaosema huyu mzee anataka Krismasi iwe kama msiba. Hapana. Huu wimbo una historia yake na historia yenyewe inaonyesha kwanini ni wimbo wa sauti ya chini. Maneno yaliandikwa na padre kijana Joseph Mohr huko Austria mwaka 1816, watu wa kule wametoka kwenye vita vya Napoleon na mwaka huohuo baridi iliharibu mazao, njaa kila kona. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Desemba 1818, Mohr akiwa msaidizi kwenye kanisa la Oberndorf karibu na Salzburg, akampa mwalimu wa shule Franz Xaver Gruber yale mashairi amtungie sauti, na Gruber akaitunga sikuhiyohiyo na usiku wake ukaimbwa. Waimbaji wawili, gitaa moja ambalo Mohr mwenyewe alilipiga, na kwaya. Basi! Ile hadithi ya kwamba panya walitafuna kinanda cha kanisa ndo maana wakatumia gitaa naisikia kila mwaka mahubirini, lakini Gruber mwenyewe alipoandika kumbukumbu zake mwaka 1854 hakumtaja panya hata mmoja. Gitaa lilitosha, hakuna zaidi.

Na hapa walimu wa kwaya naomba mnisikilize vizuri maana mnajua nota kuliko mimi. Gruber aliuandika wimbo kwa mapigo ya 6/8. Mapigo ya kubembea yale, mama anampeleka mtoto huku na huku mgongoni mpaka asinzie. So la so mi, so la so mi, ukiimba hivo mwili wenyewe unaanza kuyumba kidogo kidogo bila kuambiwa. Sasa ile biti ya kinanda wengi wanaiweka ya 4/4, ndo maana wimbo unakatika katika, "takatifu" inabanwa ili iingie kwenye ngoma, pumzi hakuna, na sauti ya pili na ya tatu zinazama kabisa kwa sababu hakuna anayezisikia. Kwahiyo sisemi uimbwe kwa kuburuta mpaka watu wachoke, la, ubembee. Lakini mtoto halali ukimpigia spika sikioni.

Wanaosema tunauimba hivyo ili uwe wa kwetu, usiwe wa Wazungu, hilo nalielewa na linaniuma pia kwa sababu wimbo ni wa kwetu tayari. Wamisionari wa Leipzig waliingia Kilimanjaro 1893 na nyimbo za kwao, kweli, ila kuanzia hapo ni babu zetu walioubeba. Babu yangu mzaa baba alikuwa kwenye bendi ya tarumbeta ya usharika, alikuwa anapuliza lile kubwa la sauti ya nne. Asubuhi ya Krismasi saa kumi na moja, giza bado, baridi ya mlimani, anatoka nyumbani tarumbeta begani na ile sehemu ya kupulizia kaitia ndani ya koti, kwapani, ipate moto, maana anasema chuma cha baridi kinatoa sauti ya mgonjwa. Wanasimama watu saba au nane kwenye kona ya njia, migomba inadondosha maji, wanapiga Usiku Mtakatifu ubeti mmoja, wananyamaza, wanasikiliza. Kisha unasikia ng'ambo ya korongo bendi ya usharika mwingine nayo inaujibu. Mi nilikuwa mtoto nimefunikwa blanketi nasikia zile sauti mbili zinapishana bondeni. Huo haukuwa wimbo wa Mzungu. Na ile biti tunayoambiwa ndo ya Kiafrika imo ndani ya kinanda kilivyotoka kiwandani, unabonyeza kitufe inaanza.

Hata kwenye rekodi za nje tunazozipenda wote, walioupatia ni wale waliotulia. Baba alikuwa na kaseti ya Jim Reeves ya nyimbo 12 za Krismasi, albamu ilitoka 1963, na mkanda ukijikunja tulikuwa tunaurudisha kwa peni. Msikilizeni Jim Reeves kwenye Silent Night, yule bwana alikuwa na tabia ya kusogeza mdomo karibu kabisa na maiki na kuimba kama anaongea na mtu mmoja tu aliyekaa pembeni yake, hapandishi sauti mahali popote na bado sebule nzima ilikuwa inanyamaza. Albamu ikatoka, mwaka uliofuata, Julai 1964, akafa kwa ajali ya ndege karibu na Nashville, na mpaka leo ukipita Desemba kwenye maduka na mabasi ya kwenda Moshi bado anaimba. Au mtafuteni Mahalia Jackson, yule mama wa injili wa Marekani, sauti yake ingeweza kubomoa ukuta akitaka, lakini kwenye huu wimbo anaivuta polepole neno kwa neno mpaka unasahau kupumua. Na mwaka 1914 kwenye vita ya kwanza ya dunia, usiku wa Krismasi, askari wa Kijerumani waliuimba kutoka kwenye mahandaki na Waingereza wakausikia upande wa pili, mahali pengine wakatoka wakapeana mikono. Hakuna aliyekuwa na spika pale.

Wala sichukii nyimbo za kuchangamka, naomba nieleweke. Mchana wa sikukuu pilau likiwa motoni mi wa kwanza kuweka Boney M, ile Mary's Boy Child yao ya 1978, watoto wanacheza na mimi nacheza. (Wengi hawajui ni wimbo uleule aliouimba Jim Reeves kwenye albamu yake, na kabla yake Harry Belafonte mwaka 1956, aliutunga Mmarekani mweusi Jester Hairston.) Na Haleluya Kuu ya Handel nayo wekeni nguvu zote, matarumbeta, kinanda, sauti ya kwanza wapande mpaka mabati yalie, ule ndo wimbo wa kusimama na kutikisa. Mkesha una saa mbili tatu, nyimbo za kuruka zipo nyingi na vijana wana haki ya kuruka. Ninachoomba ni dakika tano tu kati ya hizo.

Kuna jambo la pili linaendana na hili. Tulipokuwa wadogo baba alikuwa anashika Sauti ya Injili, ile redio ya Kilutheri iliyokuwa ikirushwa kutoka Addis Ababa kuanzia 1963 mpaka serikali ya kule ilipoichukua 1977, na vipindi vya Kiswahili vilikuwa vinatengenezwa hapo Moshi. Wakati wa Krismasi zilikuwa zinapigwa kwaya zetu wenyewe, sauti nne, bila chombo, unasikia kabisa mtu anakohoa nyuma na jogoo anawika nje ya kanisa. Radio Tanzania nayo ilikuwa na kwaya zake. Hizo tepu kama bado zipo mahali, naziomba redio zetu zizipige tarehe 24 usiku. Vijana wa sifa siwalaumu, wengi hawajawahi kuusikia wimbo huu ukiimbwa na wanaume ishirini wa sauti ya nne bila kinanda, sasa watautamani vipi? Na wewe msomaji kama nyumbani kuna kaseti ya kwaya ya usharika wenu ya miaka ya sabini na themanini usiitupe, mpelekee kijana anayejua mambo ya kompyuta aihamishie kwenye flashi kabla mkanda haujaganda. Ya kwetu iliharibika, ilikaa juu ya kabati chini ya bati miaka sita, siku tuliyoiweka kwenye redio ikatoa mlio tu.

Mama operesheni ilienda salama na mwaka huu anataka kurudi Dar mkesha, amesema yuko tayari kujaribu tena. Nimeshaongea na mwalimu wa kwaya wa usharika wangu, ni kijana msikivu, akaniuliza sasa baba tuanzeje bila intro, watu watapotea. Nikamwambia zima taa, acha mishumaa, subiri mpaka watoto wanyamaze kabisa, bonyeza so moja tu kwenye kinanda, halafu ondoa mkono.

Msomaji wenu,
Mbezi, Dar es Salaam