Picha ya setilaiti isichapishwe bila tarehe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie picha za Dunia zinazopigwa kutoka juu, ambazo magazeti, likiwemo lako, huzitumia kila panapotokea mafuriko, ukame, vita au moto wa misitu. Nafurahi kuziona, kwa kuwa picha moja ya namna hiyo humwonyesha msomaji ukubwa wa janga kwa namna ambayo aya nyingi za maelezo haziwezi. Kinachonisikitisha ni kwamba mara nyingi chini yake huandikwa "picha ya setilaiti" basi, pasipo kutajwa setilaiti iliyoipiga, siku ilipopigwa wala mahali ilipohifadhiwa, na hivyo msomaji hana njia ya kuihakiki.

Wengi wetu tukitaka kutazama mahali kutoka juu hufungua Google Earth. Ni chombo kizuri, lakini inafaa ieleweke kwamba kinachoonekana pale ni picha nyingi za siku tofauti zilizoungwa pamoja, kiasi kwamba upande mmoja wa mto unaweza kuwa wa mwaka huu na upande wa pili wa miaka kadhaa iliyopita. Isitoshe, katika miji mingi picha zinazoonyesha hadi magari barabarani zilipigwa na ndege. Anayeichukua picha kutoka hapo na kuitoa kama ushahidi wa jambo la juma lililopita anaweza kuwapotosha watu bila kukusudia.

Hifadhi zenye tarehe kamili zipo, tena ni za bure. Setilaiti ya kwanza ya mpango wa Landsat wa Marekani ilirushwa Julai 1972, na tangu wakati huo kumbukumbu ya uso wa Dunia imekuwa ikikusanywa mfululizo. Zamani kila picha iliuzwa kwa mamia ya dola, na kuna kipindi bei ilifika maelfu, hadi mwaka 2008 hifadhi nzima ilipofunguliwa kwa umma. Naliona hilo kuwa miongoni mwa maamuzi yenye manufaa makubwa zaidi katika historia ya elimu ya jiografia. Leo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuingia katika tovuti ya EarthExplorer, akajisajili na kupakua picha za miaka zaidi ya hamsini. Anaweza, kwa mfano, kufuatilia mwaka baada ya mwaka jinsi Bahari ya Aral, ziwa la chumvi huko Asia ya Kati, ilivyokauka baada ya maji ya mito yake kuelekezwa kwenye mashamba ya pamba. Umoja wa Ulaya nao hutoa bure picha za setilaiti za Sentinel-2, zilizoanza kazi mwaka 2015, kupitia tovuti ya Copernicus Browser. Kwa anayetaka kuona moshi au kimbunga cha jana tu, tovuti ya Worldview ya NASA, shirika la anga la Marekani, inatosha.

Kutafuta kwenyewe kunahitaji subira kidogo. Unaandika jina la mahali, unachagua kipindi, kisha unaweka kikomo cha mawingu. Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema, kwa sababu asilimia ya mawingu inayoandikwa ni ya picha nzima, na picha moja ya Landsat ina upana wa kilomita 185. Yenye mawingu asilimia 40 inaweza kuwa safi kabisa juu ya kijiji unachokitafuta, na yenye asilimia 5 ikawa na wingu lake pekee hapo hapo, kwa hiyo ni vyema kutazama kila picha ndogo ya mfano kabla ya kuikataa. Ukiipata, soma jina la faili: katika Landsat mna tarehe mbili zinazofuatana, kila moja ya tarakimu nane, ya kwanza ikiwa siku picha ilipopigwa na ya pili siku ilipochakatwa. Aliyechukua ya pili badala ya ya kwanza amekosea tarehe, pengine kwa miaka.

Rangi nazo zinahitaji maelezo. Mimea yenye afya huakisi kwa wingi mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, na wataalamu wamezoea kuuonyesha kwa rangi nyekundu. Msomaji asiyeelezwa atadhani msitu uliostawi unateketea. Vivyo hivyo, picha za Landsat 7 zilizopigwa baada ya Mei 2003 zina michirizi mitupu iliyotokana na hitilafu ya kifaa chake, na michirizi hiyo haihusiani na chochote kilichoko ardhini. Ukubwa wa pikseli, yaani vijisanduku vidogo vinavyounda picha, pia una maana. Kwa pikseli za mita 30, uwanja mzima wa mpira ni vijisanduku vinane hivi, hivyo anayedai kumwona mtu katika picha kama hiyo asiaminiwe.

Ninachoomba, Mhariri, ni mstari mmoja chini ya kila picha unaotaja setilaiti au ndege iliyoipiga, tarehe ya kupigwa, kama rangi ni za asili au la, na latitudo na longitudo ya mahali penyewe, ili msomaji anayetaka aende hifadhini akaitafute mwenyewe na kuilinganisha na picha za kabla ya tukio. Na pale shirika la habari lililoleta picha linaposhindwa kutaja tarehe, gazeti liseme hivyo waziwazi chini ya picha hiyo, au lisiichapishe.

Msomaji wako.